Povu la Mkunazi

Shangazi yangu alikuwa mwosha maiti. Hakuitafuta kazi hiyo. Aliirithi kwa mamake kama wengine wanavyorithi nyumba au shamba, na kwa miaka mingi hapa mtaani kwetu Likoni, mwanamke wa Kiislamu akifariki, mlango uliobishwa baada ya ule wa imamu ulikuwa wetu. Yeye ndiye aliyenilea nilipofiwa na mama, na ndoa yangu ilipovunjika nilirudi kwake na cherehani yangu, nikaiweka ukumbini karibu na dirisha, nikawa nashona mabuibui na sare za shule. Kwa hivyo aghalabu mimi ndiye niliyefungua mlango huo. Anayekuja husimama kizingitini, hutoa salamu, na kabla hajalitaja jina la marehemu nilikuwa nimeshajua kazi yangu: kuchukua kikapu na kwenda mkunazini kuchuma majani ya kuoshea maiti.

Mti ulikuwa kwenye kiwanja kitupu nyuma ya nyumba yetu, kiwanja cha watu waliohamia Uarabuni zamani ambao hatukuwahi kuwaona. Haukuwa mti wa kupigiwa picha. Ulikuwa umejikunja, matawi yameinama hadi kukaribia mchanga, na kila penye jani pana miba miwili, mmoja umenyooka na mwenzake umepinda kama ndoana. Ukiingiza mkono, ule ulionyooka hukuonya, na ukiutoa kwa pupa ule uliopinda hukushika. Majani yake ni madogo ya mviringo, juu kijani kinachong'aa, chini meupe yenye manyoya laini kama ndani ya sikio la paka. Shangazi alinifunza kuyachuma polepole, kidole kikitangulia chini ya tawi, na kutouvua mti upande mmoja. Nilirudi na mikono iliyochanika hata hivyo.

Nilikuwa msichana bado mara ya kwanza kuyaona yakitwangwa. Shangazi alikuwa na kinu kidogo alichokitenga kwa kazi hiyo pekee. Aliyaponda majani mpaka yakawa kama mchicha uliopikwa ukaiva sana, akayatia kwenye beseni, akamimina maji, kisha akakoroga kwa mkono akiuzungusha upande mmoja. Maji yakawa kijani. Halafu, mbele ya macho yangu, povu likaanza kupanda, jeupe, jepesi, likajaa mpaka ukingoni mwa beseni. Nilidhani ametia sabuni nikiwa sitazami. Nilimuuliza.

"Sabuni imo ndani ya jani," alisema. "Mola aliitia humo kabla sisi hatujajua kufua."

Nimeliona povu hilo mara nyingi tangu siku ile, na sijawahi kulizoea. Majani madogo ya mti wa miba, uliokulia mchangani bila mtu kuumwagilia maji, ukayaponda, yakatoa kitu cheupe namna ile.

Na si sisi tu tuliouhitaji mti huo. Watoto wa mtaa mzima waliuzunguka kunazi zikiiva, wakizila na chumvi na pilipili, mifuko ya sare zao imejaa kokwa. Wasichana waliokuwa wakijiandaa kuolewa walikuja kuomba majani ya kuoshea nywele. Mbuzi walisimama kwa miguu ya nyuma kuyafikia matawi. Jirani yetu mmoja, Mgiriama anayeuza mboga za kienyeji karibu na kituo cha feri, alichukua magome kidogo mtoto wake alipoharisha, kama mamake alivyofanya kwao Kaloleni. Huyu jirani ni Mkristo, mwimbaji wa kwaya, na ndiye rafiki yangu mkubwa. Ndege aina ya shorewanda walikula kunazi kutoka juu wakati mbuzi wakila kutoka chini, na katikati, ndani ya miba ambako paka asingeweza kupenya, ndege wadogo aina ya chozi walijenga viota vyao vya kuning'inia. Mti mmoja ule. Nilikuwa nikikaa dirishani nikishona, nikauona lakini nisiuone, kama mtu anavyoishi na nduguye.

Kisha kiwanja kikauzwa. Wanunuzi walitaka kujenga ghorofa za kupangisha, na hatukuwa na la kusema kwa kuwa ardhi haikuwa yetu. Asubuhi waliyokuja na msumeno wa mashine, shangazi alijifunga leso, akatoka, akaenda kumsalimia msimamizi wao. Nilimfuata nikidhani anakwenda kugombana. Kumbe alikwenda kuomba matawi. Msimamizi alikuwa mtu wa bara, kijana mkubwa mwenye kofia ya plastiki, na alimuuliza kwa heshima mama mzee atayafanyia nini matawi ya miba. Shangazi akamweleza. Yule bwana alivua kofia yake. Aliwaambia vijana wake wazime mashine wangoje, akatusaidia mwenyewe kuyaburuta matawi mpaka uani kwetu, na alipokuwa akiondoka alisema kwamba hata kwao wana mti ambao mzee akifa lazima tawi lake liwekwe mkononi mwake, na kwamba babake alizikwa bila tawi hilo kwa sababu lilikuwa halipatikani tena. Alivaa kofia yake akarudi kazini, na mti ukaanguka kabla ya adhuhuri.

Tuliyakausha majani yale kivulini, tukayatia kwenye debe lenye kifuniko. Yalitufaa kitambo. Yalipokwisha, nilianza kuvuka feri kwenda mjini kununua pakiti za unga wa mkunazi uliosagwa, unaoletwa kutoka nje pamoja na ubani na manukato. Ni unga halali na kazi yake unaifanya. Shangazi aliutumia bila kulalamika. Aliniambia dini si nzito, na asiyepata jani huosha kwa maji matupu na Mungu akakubali. Ila nilimwona mara ya kwanza alipoifungua ile pakiti: aliinusa, akaiweka chini, akainusa tena, kama mtu aliyepokea simu ya mgeni kwenye namba aliyoizoea.

Baadaye moyo wake ukaanza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na daktari akamkataza kazi za kuinama. Nikawa nakwenda kuosha na akina mama wengine, mimi nikimimina maji na wao wakiongoza, na nikirudi lazima nimsimulie kila kitu: nani alikuwepo, maji yalikuwa ya uvuguvugu au baridi, marehemu uso wake ulikuwaje. Jioni moja katika masimulizi hayo ndipo nilipomuuliza nani aliyeupanda ule mkunazi. Nilitarajia ataniambia ni babu fulani.

"Hakuna aliyeupanda," alisema. "Ndoo hapa, ukae n'kwambie."

Akanieleza kwamba alipokuwa mdogo, mamake alizaa mtoto wa kike aliyeishi siku chache akafa. Wakati huo hapakuwa na mkunazi karibu. Mtu alitumwa mbali, upande wa Mtongwe, na wote wakakaa wakisubiri majani, kile kitoto kimelazwa kimefunikwa kitambaa, na jua linazidi kupanda. Mamake hakuisahau subira ile. Haukupita muda mrefu, akaona mche wa mkunazi umechipuka kiwanjani, mfupi kuliko kidole, mbuzi wameshautafuna upande mmoja. Huenda ulitokana na kinyesi cha ndege au cha mbuzi haohao. Mamake alikata miba akauzungushia ua. Kila mbuzi walipoubomoa aliurudishia, mpaka mti ukaota miba ya kwake ukajilinda.

"Kwa hivyo ulikuwa wa mamako," nilisema.

"La. Ulikuja wenyewe. Mamangu aliupisha tu."

Neno hilo lilinikaa. Nilikuwa nimeishi chini ya mti ule nikidhani ni kitu cha mtaa kama nguzo ya stima, na sasa ulikuwa umeshakatwa, ndipo nikaanza kuuona. Ndege alikula tunda mahali nisipopajua, akaruka juu ya mapaa yetu, akaangusha mbegu moja nyuma ya nyumba ya mwanamke aliyefiwa. Na kutokana na mbegu hiyo tumewaosha wanawake wa mtaa mzima.

Nilimsimulia jirani yangu habari hiyo tulipokuwa tukichambua mboga zake kibarazani, nikamwambia ningependa kupata mbegu nijaribu kupanda mwingine, hata kwenye kopo, shangazi auone. Alifikiri kidogo. Akasema mahali anapokwenda kukata mtsunga, ile mboga chungu ambayo wateja wake wanaipenda kuliko zote, kuna makaburi ya kale yaliyoachwa, na nyuma ya makaburi anaona mikunazi, ingawa yeye huishia ukingoni kwa sababu si makaburi ya watu wake na hakutaka kuingia bila ruhusa.

"Tukienda sote wawili," alisema, "wewe utatoa salamu, mimi nitabeba kikapu."

Tulikwenda asubuhi ya Jumamosi, tukapanda tuktuk mpaka karibu na Mtongwe, kisha tukashika njia ya miguu inayoteremkia mkono wa bahari. Pande zote mbili za njia viwanja vilikuwa vimeshafyekwa na kupimwa, vigingi vimechomekwa, mchanga mtupu unawaka. Mahali pengine walikuwa wamepanda ua wa ile miti ya mapambo inayokatwa kama sanduku, kijani kibichi sana, na nakumbuka nilisema ni mizuri. Rafiki yangu alikubali, akasema ni mizuri kweli, ila hajawahi kumwona nyuki akitua juu yake. Tuliendelea kutembea na joto likitupanda kutoka ardhini.

Tuliyasikia makaburi kabla ya kuyaona. Mwanzoni nilidhani ni jenereta. Ulikuwa mvumo mzito wa mfululizo, na kadiri tulivyokaribia ndivyo ulivyozidi kuwa na tabaka, sauti nyembamba juu ya sauti nene, mpaka nikatambua kwamba kitu kizima kilichokuwa mbele yetu, ule ukuta wa kijani, ulikuwa umejaa wadudu. Mikunazi ilikuwa imechanua. Maua yake ni madogo ya kijani kimanjano, hata huwezi kuyaita maua, na harufu yake si ya kupendeza pua. Lakini nyuki, nyigu, nzi wa rangi ya shaba na mbawakawa wadogo wametanda juu yake kama waalikwa juu ya sinia la pilau.

Pale penye mwanya, ambapo ukuta wa mawe ya tumbawe umeanguka, nilisimama nikatoa salamu kwa watu wa makaburini kama nilivyofunzwa. Rafiki yangu alisimama nyuma yangu ameinamisha kichwa. Kisha tukaingia.

Sijui niseme vipi tulichokiona, kwa sababu ukikihesabu kimoja kimoja hakionekani kuwa kikubwa. Ni kipande kidogo cha ardhi. Ungeweza kukizunguka kabla chai haijapoa. Lakini tulipopita ule mwanya, jua likazimika na hewa ikabadilika, ikawa na unyevu na ubaridi kana kwamba mtu amefungua mlango wa chumba chenye mitungi. Chini ya miguu hapakuwa na mchanga. Palikuwa na udongo mweusi, laini, uliofunikwa majani makavu yaliyolaliana, na nilipoyafukua kwa kidole cha mguu, chini yake palikuwa pameloa, ijapokuwa mvua haikuwa imenyesha kwa kitambo. Mkwaju mkubwa ulikuwa umeshika katikati. Mibungo ilikuwa imeparamia juu yake, shina la mmoja nene kama paja langu, na huko juu sana tuliona mabungo yenyewe ya rangi ya chungwa yakining'inia, yale tunayoyanunua sokoni bila kujiuliza yanatoka wapi. Vichaka vya mikone vilikuwa na matunda. Upande wa chini, ardhi inapoanza kuingia tope la bahari, palikuwa na kichaka cha ukindu, ule wa kusukia mikeka, na mbele yake mikoko ikaendelea.

Na kati ya hayo yote, makaburi. Mengine yalikuwa mawe matatu tu. Mengine yalikuwa yamejengwa kwa chokaa, na mizizi ilikuwa imeyazunguka bila kuyavunja, imeyakumbatia kona zake. Niliyatazama kwa muda nikaelewa. Hakuna aliyekata mti humu kwa sababu hakuna aliyethubutu. Watu waliogopa, au waliheshimu, sijui ni lipi, na huku pande zote zikifyekwa na kuungua na kujengwa, hawa waliolala hapa waliendelea kukishika kipande chao. Ardhi yetu yote ya Likoni, nikawaza, huenda zamani ilikuwa hivi. Hewa hii. Udongo huu. Tulikuwa tumesimama ndani ya kumbukumbu ya mahali petu wenyewe, na walioitunza ni wafu.

Rafiki yangu alikuwa akigusa magome akiyataja majina kwa Kigiriama, na mimi nikijibu kwa Kiswahili. Yeye akasema mtsunga, nikasema mchunga. Akasema mkwadzu, nikasema mkwaju. Mara nyingi ilikuwa neno lile lile limebadilisha nguo. Pengine yeye alikuwa na jina nami sina, nikalirudia mpaka likakaa ulimini. Hatukucheka wala kupiga kelele. Tulizungumza kwa sauti ya chini kama wanawake walioingia kwenye nyumba yenye mtoto mchanga. Mwisho yeye aliketi juu ya mzizi, akasema kwao wazee waliacha misitu isikatwe, wakaweka miiko mikali, na alipokuwa shuleni alidhani ni ushirikina.

"Na sasa?" nilimuuliza.

"Sasa naona walikuwa wanatuwekea maji."

Msimu wa matunda ulikuwa umepita, ila chini ya mikunazi palikuwa na kokwa za mwaka uliotangulia, ngumu kama kokoto, nyingine zimetobolewa na wadudu. Niliokota zilizo nzima. Nilichuma majani pia, polepole, kidole chini ya tawi, nikihama mti hadi mti.

Nilipofika nyumbani nilimpa shangazi tawi moja kabla hata sijavua buibui. Alilipokea kwa mikono miwili. Alilifikicha jani moja kati ya vidole, akalinusa, akafumba macho. Halafu akaniambia kwamba nywele zake hazijaoshwa vizuri tangu augue.

Nilitwanga. Nilimkalisha uani kwenye kiti kifupi, shingo imeegemea taulo, nikazifumua nywele zake nyeupe zilizokuwa zimesukwa mabutu, nikamimina lile povu. Sikuwahi kumwosha mtu aliye hai kwa mkunazi. Mikono yangu ilikuwa imezoea uzito wa kichwa kisichojisaidia, na sasa kitwa chake, kama mwenyewe alivyokiita, kilinisukuma kiganjani, kikigeuka kidogo nipate kufika nyuma ya sikio. Alinisimulia mambo ya utotoni mwake, habari za kisima na za sikukuu. Nilipomsuuza, nywele zilikuwa laini kama pamba ya msufi, na aliniambia niache kitana, zikauke zenyewe juani. Tulikaa hapo mpaka kivuli cha ghorofa jipya kikatufikia.

Alifariki mvua za vuli zilipoanza, asubuhi, baada ya kusali alfajiri akiwa amekaa kitandani. Niliposikia kimya chake nilijua. Waswahili tuna msemo, mwosha huoshwa, na nilikuwa nimeusikia maisha yangu yote kama onyo kwa wenye kiburi. Asubuhi ile haukuwa onyo. Ilikuwa zamu imefika tu, basi.

Nilimpigia jirani yangu simu kumpa habari, sikumwomba lolote. Hakufika mara moja, nikashangaa kidogo, kwa maana nyumba zetu zinatazamana. Akina mama walikuwa wameshaanza kuingia, kitanda kimewekwa, ufuo wa kupokea maji umechimbwa, na mmoja ameshanunua pakiti ya unga dukani, ndipo alipotokea mlangoni, viatu vimejaa tope, leso yake imefungwa fundo kubwa. Alikuwa amekwenda kule makaburini peke yake na mvua ikinyesha. Mikono yake ilikuwa imechanika mpaka viwikoni.

"Nilitoa salamu kama wewe," aliniambia. "Sijui kama niliitamka sawa."

Nikamwambia kwamba bila shaka wameisikia.

Hakuingia ndani, alisema ndani ni pa wenyewe. Alikaa uani, akakivuta kile kinu kidogo katikati ya magoti yake, akatwanga. Sisi tulio nyuma ya pazia tuliusikia mchi, pigo moja baada ya jingine, sawasawa, na baada ya muda nikatambua kwamba hakuna aliyekuwa akilia. Tulikuwa tunasikiliza. Akina mama walinitazama, nikaelewa kwamba wanangoja mimi niongoze. Nilitia nia. Nilianza upande wa kulia. Povu lilipanda kwenye beseni kama lilivyopanda siku nilipokuwa msichana, nikalichota, nikalipitisha juu ya bega lililonibeba, juu ya mkono ulionilisha, chini ya shuka bila kufunua, na kila nilipolipitisha liliacha ngozi yake safi na baridi, na harufu ile ya kijani ikajaa chumba kizima. Sikuogopa. Nilichohisi ni kwamba tulikuwa wengi mle ndani kuliko tulioonekana: mamake na kile kitoto chake, yule ndege, mbuzi waliotafuna, watu wa makaburini wasio na majina, na mikono yote iliyowahi kufanya hivi kwa jani hili, tangu lini, nani ajuaye. Kisha tukammiminia maji safi, kisha ya kafuri, tukamfunga sanda.

Zile kokwa nilizoziokota nilikuwa nimezipanda kwenye makopo ya rangi nikayapanga juu ya paa bapa la choo cha nje, mahali pekee penye jua tangu ghorofa limalizike. Hazikuota. Baadaye mtu wa kitalu cha miche kule Port Reitz aliniambia kokwa ya mkunazi ni kaidi, lazima igongwe kidogo ipate ufa, au ipitie tumboni mwa mbuzi. Nilizitoa, nikazigonga kwa jiwe taratibu kwenye kizingiti, nyingine nikazivunja kabisa, zilizobaki nikazirudisha. Nilizimwagilia maji kwa mazoea tu. Asubuhi moja nikakuta vichwa viwili vya kijani vimeinua udongo, na kabla ya mwisho wa mwezi vikawa vitano.

Sasa hivi mche mmoja uko kwenye uwanja wa kanisa la rafiki yangu, alioomba mwenyewe, na mmoja uko karibu na lango la makaburi tunayozika siku hizi. Mitatu iko bado juani, kwenye makopo, na imefika magotini kwangu.

Juzi nilipanda kuimwagilia nikaona majani ya mmoja yana mistari myeupe, kama mtu ameyakwaruza kwa kucha. Niliinama. Kwenye jani palikuwa na kiwavi wa kijani sawasawa na jani lenyewe, mfupi, bapa, na sisimizi watatu wakimzunguka. Nilidhani wanamla. Nilipotazama zaidi nikaona hawamli. Wanampapasa kwa vipembe vyao, naye anatoa tone la kitu kama maji mgongoni, wao wanakunywa, kisha wanarudi kusimama pembeni yake kama mabawabu. Nilimwita rafiki yangu kutoka ng'ambo ya njia. Alipanda, akatazama, na kwa kuwa ni mwanamke wa mboga, mkono wake ulienda moja kwa moja kumtoa kiwavi. Nilimshika kiwiko.

"Atakula mti wako," alisema.

"Mwache ale."

Tukamwacha. Alikula, akavimba, akajibandika chini ya kijiti, akajifungia kijumba. Leo asubuhi kijumba chake kilikuwa kitupu, na juu ya ukingo wa kopo palikuwa na kipepeo mdogo kuliko ukucha wangu wa gumba, chini mweupe mwenye madoa meusi, na alipofungua mbawa, ndani ni samawati. Alikuwa akizikausha. Nilisimama na ndoo mkononi nikatazama pande zote: mabati, saruji, matangi ya maji, waya za stima, ghorofa nyuma ya ghorofa mpaka feri. Ukiacha ile miche yetu miwili, hakuna mkunazi mwingine ninaoujua mpaka kule Mtongwe. Na mamake kipepeo huyu, aliye mdogo kama yeye, aliruka juu ya hayo yote akiutafuta mti mmoja, akaukuta kwenye kopo la rangi juu ya paa la choo. Sijui alipitia wapi wala aliambiwa na nani. Niliweka ndoo chini polepole, nisimtikise.